Maneno Madogo Yanayomchosha Jirani

Jioni moja ya mwezi wa Novemba, mvua zilipokuwa zimekwisha kuanza, tulipanda basi dogo mjini Lubumbashi kwenda upande wa Katuba. Safari hiyo si ndefu, lakini siku ile tuliiona kuwa ndefu kama safari ya Kolwezi. Nyuma yetu bwana mmoja alikuwa akisema katika telefoni kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Mbele yetu mama wawili walisimulia mambo ya ndoa ya mama wa tatu, ambaye hakuwamo. Kando yetu kijana mmoja alitia neno la Kifaransa « donc » mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kila sentensi. Nasi tulipoanza kumweleza kijana anayekusanya nauli mahali tulipotaka kushuka, alitujibu kabla hatujamaliza, tena alijibu jambo tusilomwuliza.

Tulifika nyumbani tumekasirika. Tukatwaa karatasi na kalamu, tukaandika maudhi yote tunayoyapata kila siku kwa maneno na matendo ya watu wasiofikiri. Tulipomaliza kuhesabu, yalikuwa 12. Tuliyaona kuwa mazuri sana kwa kuandikia makala, tukajisifu kimoyomoyo.

Kesho yake tuliichukua karatasi ile kwa mama mzee mmoja, jirani yetu. Mama huyo hakusoma shule, lakini watu wengi wa mtaa humwendea wakitaka shauri. Tulimkuta ameketi mlangoni, ungo wa maharagwe magotini, akiyachambua. Tukamsomea maudhi yote, moja baada ya jingine. Alicheka mara mbili tatu, maana aliwatambua watu fulani. Kisha akauliza, bila kuinua macho:

« Ni kweli, mwanangu, hayo yote ni maudhi. Lakini katika hayo yote, ni yapi yaliyokunyang'anya kitu, na yapi yaliyokuchosha masikio tu? »

Hatukuweza kumjibu mara moja. Swali hilo ndilo tunalotaka kulitazama pamoja nanyi leo.

YALIYOCHOSHA MASIKIO TU

Kichwani mwa karatasi yetu tulikuwa tumewaandika watu wasemao Kiswahili « kibaya »: wale wanaochanganya Kifaransa, na wale wasemao « bintu » mahali pa « vitu », na « bantu » mahali pa « watu ».

Lakini Kiswahili chetu hiki kilizaliwaje? Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya Union Minière ya kuchimba shaba ya Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, mji ambao leo twauita Lubumbashi. Watu wakaja kutafuta kazi: wengine kutoka Kasai, wengine kutoka nchi ya Waluba wa Katanga, wengine kutoka nchi ya Wabemba na Rodezia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na baadaye wengine kutoka Rwanda na Burundi. Kila mtu alikuja na lugha aliyoinyonya kwa mama yake. Kazini, sokoni na katika kambi za wafanyakazi ilibidi waelewane, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana. Basi si ajabu kwamba mtoto wa Katuba au Kamalondo asema « bintu » na « bantu ». Ndivyo Waluba wasemavyo hata leo katika lugha yao. Mtoto hakukosea kwa uvivu. Amerithi alama ya safari ya babu yake.

Tena, Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza, yataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Haikusema ni Kiswahili cha vitabu peke yake.

Hatusemi kwamba shule iache kufundisha lugha safi. La, hasha! Mwanafunzi anayejua kuandika sawasawa amefunguliwa milango mingi. Lakini kuna saa ya kusahihisha na kuna saa ya kusikiliza. Sisi tulijifunza jambo hilo kwa aibu, nasi twawasimulia.

Miaka michache iliyopita tuliombwa kuongoza mkutano wa wanafunzi, ili waeleze shida zao za masomo. Mvulana mmoja mwenye umri wa miaka 13 hivi alisimama nyuma kabisa, akaanza: « Bintu bya shule... » Hatukumwacha aendelee. Tukamwambia kwa kicheko: « Si bintu bya shule; ni vitu vya shule! » Chumba kizima kikacheka. Mvulana naye akacheka kidogo, akaketi. Tukamwomba aendelee, akatikisa kichwa, akasema kwamba amesahau.

Kumbe hakuwa amesahau. Miezi mitatu baadaye mwalimu wake alitueleza neno ambalo mtoto yule alitaka kulisema. Mdogo wake wa kike alikuwa hana madaftari wala sare, naye aliona haya kwenda darasani hivyo, akaanza kubaki nyumbani. Siku ile ya mkutano madaftari yalikuwamo katika sanduku nyuma ya kiti chetu, yakingoja kugawiwa. Mengine yalibaki. Tulipopata habari, mitihani ilikuwa imepita, na msichana yule alikuwa amekwisha kuupoteza mwaka wake wa masomo.

Tazameni sasa. Neno « bintu » lilichokoza sikio letu kwa nukta moja tu. Neno letu sisi, lililokuwa sahihi kabisa, lilimpotezea mtoto mwaka mzima. Je, ni nani aliyesema vibaya siku ile?

Pili, katika karatasi yetu, walikuwa watu waulizao mambo wanayoyaona kwa macho. Umesimama mlangoni asubuhi, jirani akuuliza: « Umeamka? » Umebeba mkungu wa ndizi, akuuliza: « Umetoka sokoni? » Zamani tulitaka kujibu kwa ukali: « Je, waniona nimelala? » Lakini hayo si maswali kweli, ni salamu. Mtaalamu Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Poland, aliyekaa na watu wa visiwa vya Trobriand akichunguza maisha yao, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1923. Alieleza kwamba watu wa mataifa yote wana maneno yasiyopeleka habari yoyote, na kazi ya maneno hayo ni kuwaunganisha tu. Wazungu nao huongea habari za mvua na jua, ingawa wote wawili wamesimama katika mvua ile ile. Jirani aulizaye « Umeamka? » ataka kusema: nimekuona, na nafurahi kwamba umo. Siku asipouliza, ndipo tutakapoona tumepungukiwa na kitu.

Basi maudhi ya namna hiyo tuliyafuta katika karatasi. Yalikuwa matano.

NUSU YA MAZUNGUMZO

Lakini bwana yule wa telefoni hatukumfuta, na sababu yake ni hii.

Telefoni za mkononi ziliingia nchini mwetu, wakati ule ikiitwa Zaire, katika miaka ya 1980 kwa njia ya kampuni ya Telecel. Zilikuwa ghali mno, na walionazo walikuwa wachache. Leo muuza mboga anayo yake, na mtoto wa shule aomba ya kwake. Hilo ni jambo jema. Habari ya kuzaliwa kwa mtoto kijijini yafika mjini kabla maji ya kumwogesha hayajapoa. Ila hatujajifunza bado jinsi ya kuitumia mbele za watu.

Wengi wamejiuliza: mbona watu wawili wakizungumza karibu nasi twaweza kusinzia, lakini mtu mmoja akizungumza katika telefoni twashindwa hata kusali Rozari? Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, huko Marekani, walitangaza uchunguzi wao juu ya jambo hilo. Waliwapa watu kazi ndogo zinazotaka uangalifu mbele ya kompyuta. Mara waliwasikilizisha mazungumzo ya watu wawili, mara sauti ya upande mmoja tu. Waliposikia watu wawili, kazi iliendelea vizuri. Waliposikia upande mmoja tu, walikosea zaidi. Sababu yake ni kwamba akili ya mtu haipendi kitu kilichokatika. Ikisikia nusu ya mazungumzo, yaanza yenyewe kuitafuta nusu nyingine, hata kama mwenyewe hataki. Kwa hiyo asemaye kwa sauti kubwa garini ametwaa kitu cha wenzake: ametwaa akili zao kwa nguvu, akaziajiri bila mshahara.

Tena kuna ubaya zaidi. Bwana yule wa basi alikuwa akisema juu ya ndugu yake mgonjwa. Alitaja jina, alitaja ugonjwa, alitaja na dawa. Katika basi lile walikuwamo watu ishirini. Pengine mmoja wao alimjua mgonjwa huyo, au baba mkwe wake, au bwana wake wa kazi. Ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Yeye ndiye mwenye haki ya kuchagua atamwambia nani. Bwana yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa na uchungu, tena alikuwa akitafuta fedha za matibabu. Lakini aliigawa siri isiyokuwa yake kwa watu asiowajua.

Na mama wale wawili walifanya vivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini. Papa Fransisko aliwahi kulisema jambo hili kwa ukali, tarehe 6 Septemba 2020, wakati dunia nzima ilipokuwa ikiogopa ugonjwa wa Covid. Aliwaambia waamini huko Roma kwamba masengenyo ni tauni mbaya kuliko ugonjwa huo. Wengine walidhani amezidisha. Lakini fikirini: mtu aliyeibiwa kuku aweza kwenda kulalamika, mtu aliyeibiwa jina lake jema ndani ya basi hata hajui kwamba ameibiwa. Atashangaa tu siku moja kuona kwamba watu wanyamaza anapoingia.

KUMKATIZA MWENZAKO

Kuna watu ambao huwezi kuwamalizia neno lolote. Wewe waanza: « Jana nilikwenda kwa daktari... » Naye arukia: « Ah, hata mimi mwezi uliopita! » Akusimulia mgongo wake, na mgongo wa mkewe, na wewe warudi nyumbani na neno lako mdomoni.

Yasemekana na wengine kwamba kuongea kwa zamu ni desturi ya Wazungu, na kwamba sisi ni watu wa kuongea wote pamoja. Si kweli. Mwaka 2009 wataalamu walilinganisha mazungumzo ya watu katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, toka Japani hata Denmark, toka Mexico hata Namibia. Walipima muda kati ya swali na jibu. Kwa wastani muda huo ulikuwa sehemu mbili hivi za kumi za nukta moja, karibu muda wa kupepesa jicho. Mahali pote waliona sheria moja: watu hujitahidi wasiseme pamoja, na tena wasiache kimya kirefu. Basi kumngoja mwenzako amalize si adabu ya kigeni. Ni adabu ambayo Mungu ameitia katika binadamu wote, na babu zetu waliijua vizuri. Walipokaa kukata neno la ukoo, mtu alisema mpaka mwisho, na aliyefuata alimngoja.

Anayeumia zaidi kwa kukatizwa ni yule ambaye maneno yake hutoka kwa shida. Mwenye kigugumizi anajua neno analotaka kulisema. Alihitaji muda tu. Sisi, kwa kudhani kwamba twamsaidia, twamtolea neno jingine. Yeye kwa uchovu akubali, nasi twaenda zetu na habari ambayo hakuisema. Mgeni asiyezoea lugha yetu hupatwa na jambo hilo hilo. Na mtoto pia! Ni watoto wangapi walioanza kumwambia baba yao jambo zito jioni, wakaambiwa: « Najua, najua, kalete maji »? Baada ya mara tatu mtoto haleti tena neno. Aleta maji tu.

PENYE KILIO

Haya sasa twayasema kwa upole, kwa maana yahusu saa ambayo wote huenda kwa nia njema.

Mtu akifiwa, watu wa mtaa huja. Hukaa, huleta makala na unga wa bukari, huimba usiku, hukesha. Hiyo ni mojawapo ya mali kubwa za jamii yetu, nasi twamwomba Mungu tusiipoteze. Lakini sikilizeni maneno yanayosemwa hapo. « Alikufa na nini? » « Mlimpeleka hospitali gani? » « Kwa nini hamkumpeleka mapema? » « Mimi namjua daktari ambaye angalimponya. »

Mama mmoja aliyezika mtoto wake alituambia kwamba siku zile za kilio alisimulia habari ya usiku ule wa mwisho mara nyingi hata hakuweza kuhesabu tena. Kila aliyeingia alimwuliza upya. Kila mara alitafuta upya ndani ya moyo wake kosa lake liko wapi: labda angaliamka mapema zaidi, labda angalikodi motokari badala ya kungoja asubuhi. Wageni walikwenda zao wakiwa wamepata habari. Yeye alibaki na maswali yao, naye anayo mpaka leo.

Biblia yatusimulia habari ya rafiki watatu wa Yobu. Walipomwona katika mateso yake waliketi pamoja naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Mpaka hapo walikuwa rafiki wema. Ubaya wao ulianza walipofungua midomo na kutaka kueleza sababu. Nasi tukienda penye kilio, tufuate siku zile saba, tusifuate maneno yaliyokuja baadaye. « Pole, mama » yatosha. Tena sufuria ya sombe iliyopikwa tayari yafariji kuliko hotuba.

Na maswali ya namna hiyo hayamo penye kilio tu. Twawauliza waliooana karibuni: « Mtazaa lini? » bila kujua kama walilia jana usiku. Twamwambia mtu aliyetoka kuugua: « Lo! Umekonda mno! » kana kwamba hana kioo. Hatuna nia ya kuumiza; hatukufikiri, basi. Lakini mwiba hauulizi kama aliyeutupa njiani alikuwa na nia.

NENO LISILOKUWAMO KATIKA KARATASI

Usiku baada ya kuzungumza na mama yule mzee, tuliisoma tena karatasi yetu. Tuliyafuta yale ya kuchosha masikio, tukaacha yale yenye kunyang'anya. Tulipoyatazama yaliyobaki, tuliona jambo lililotutia baridi. Desturi moja ya kunyang'anya, inayosikika kuliko zote katika mji wetu, haikuwamo kabisa. Hatukuiandika kwa sababu ni yetu wenyewe.

Desturi hiyo ni neno hili: « Niko mu njia. »

Ninyi nyote mwalijua. Mwenzako akuita katika telefoni: « Uko wapi? » Wewe bado u nyumbani, wanywa chai, kiatu hata kimoja hujavaa. Nawe wajibu bila kufikiri: « Niko mu njia! » Pengine wasema hata jina la barabara. Huoni kwamba umesema uongo; waona kwamba umemtuliza mtu.

Mwaka mmoja uliopita mama huyo mzee alikuwa na mdogo wake hospitalini. Tulimwahidi kwamba alasiri tutampeleka kumwona, maana hospitali ilikuwa mbali na miguu yake ilikuwa ikimwuma. Saa ya kuwaona wagonjwa ilipokaribia, alitupigia kwa telefoni ya mjukuu wake. Tukajibu: « Niko mu njia, mama. » Tulikuwa tumeketi. Tuliendelea na mazungumzo, tukamaliza chai, tukatafuta funguo.

Wakati huo jirani mwingine alipita na motokari yake, akielekea upande ule ule wa hospitali. Alimwona mama amesimama kando ya barabara na chombo cha uji, akamwambia apande. Mama akamjibu: « Aksanti, baba, mtoto wangu yuko njiani, anakuja kunichukua. » Yule akaenda zake.

Tulifika muda mrefu baadaye. Tulipofika hospitalini lango lilikuwa limefungwa. Tulimsihi mlinzi, akakataa, na kwa kweli alikuwa akifuata amri aliyopewa. Mama alirudi na uji wake. Njiani hakusema neno la kutulaumu. Usiku ule mdogo wake aliaga dunia.

Hatusemi kwamba angalipona kama angaliona uso wa dada yake. Labda la. Lakini dada wawili walinyimwa saa moja ya mwisho, na saa hiyo hakuna awezaye kuirudisha. Aliyeitwaa hakuwa mwizi wala adui. Alikuwa jirani mwema, mtu wa kanisa, mwandishi wa makala, aliyesema maneno matatu madogo bila kufikiri.

Sasa tulielewa kwa nini mama aliuliza swali lake bila kuinua macho. Asubuhi tulimwendea, tukamwomba msamaha kwa siku ile. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: « Nilikuwa nimekwisha kufunga viatu, mwanangu. Ungalisema tu kwamba hujatoka, ningalipanda motokari ya yule mwingine. » Hakusema zaidi. Akatutengea kiti.

TUANZE WAPI?

Wasomaji wapenzi, twaona sasa jinsi tulivyokosea katika kuhesabu. Makosa ya wengine yanayotuchokoza twayaandika yote, hata yale yasiyodhuru. Makosa yetu yanayowadhuru wengine hatuyasikii, kwa sababu yatoka katika mdomo wetu, na mdomo uko mbele ya masikio. Mtume Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, aliufananisha ulimi na moto mdogo uwezao kuteketeza msitu mkubwa. Hakusema ulimi wa jirani.

Tarehe 13 Mei 2015 Papa Fransisko alizungumza na watu huko Roma juu ya maisha ya jamaa za nyumbani. Alitaja maneno matatu: neno la kuomba ruhusa, neno la kushukuru, na neno la kuomba msamaha. Sisi wasema Kiswahili tu matajiri kwa maneno hayo. Tuna « hodi », neno ambalo mtu hulisema akiwa bado nje, ili mwenye nyumba apate kusema « karibu » au kunyamaza. Tuna « aksanti ». Tuna « unisamehe ». Hayagharimu kitu.

Basi twawapa shauri la juma hili, na sisi tutalifuata pamoja nanyi.

Ninyi wazazi, mtoto akianza kusema jioni, mwacheni amalize kabla ya kumtuma. Ninyi wanafunzi, mwenzenu akikosea neno mbele ya darasa, msicheke. Sikilizeni kwanza ataka kusema nini, na mkimpenda msahihisheni baadaye, ninyi wawili tu. Sisi sote, tukipokea telefoni garini, tuseme kwa ufupi kwamba tutapiga baadaye, na magonjwa ya watu tuyaache nyumbani. Tukienda penye kilio, tuache maswali nje ya lupango pamoja na vumbi la viatu.

Na mtu akituuliza: « Uko wapi? », tumwambie mahali tulipo. Kama bado tu nyumbani, tuseme: « Bado niko nyumbani. » Pengine atakasirika kidogo. Lakini atajua kama angoje, au apande motokari nyingine.